John Rae: munganga aliyevuka nchi ya barafu na mzigo mdogo

Mwaka wa 1845 serikali ya Uingereza ilituma meli mbili, Erebus na Terror, kutafuta njia ya bahari kaskazini mwa Kanada. Watu 129 waliingia kwenye barafu chini ya kamanda Sir John Franklin, na hakurudi hata mmoja. Habari za mwisho wao zililetwa London miaka tisa baadaye na John Rae, munganga wa kampuni ya biashara ya ngozi. Yeye alikuwa akipita nchi ile kwa miguu, na watu wachache, bunduki na kisu cha kukatia theluji.

Rae alizaliwa tarehe 30 mwezi wa tisa 1813 kwenye visiwa vya Orkney, kaskazini mwa Scotland. Huko alikua akiwinda, akivua samaki na kuendesha mashua kwenye bahari yenye mawimbi makali. Alisomea uganga Edinburgh, na mwaka wa 1833, akiwa bado kijana sana, akaajiriwa na Hudson's Bay Company kama munganga wa meli. Safari ya kwanza tu, barafu ikaifungia meli njia ya kurudi, wakalazimika kukaa miezi yote ya baridi kwenye kisiwa cha Charlton. Kiseyeye kiliwashika mabaharia, wengine wakafa. Munganga huyo alichimba theluji akatoa matunda madogo ya mwitu yaliyokuwa chini yake, na hayo yakawa dawa.

Kampuni ikamweka Moose Factory, kituo chake cha biashara, kwa miaka kumi hivi. Kazi ya hospitali haikuwa nyingi, kwa hiyo alikuwa akitoka na wawindaji Wacree. Wao ndio waliomfundisha kutembea na viatu vipana juu ya theluji laini, kufuata nyayo za wanyama na kulala nje kwenye baridi kali. Wakubwa wa kampuni walipomtaka achore ramani za pwani isiyojulikana, alienda kusomea upimaji wa nchi. Sehemu kubwa ya safari hiyo ya masomo aliifanya kwa miguu, katikati ya majira ya baridi.

Mwaka wa 1846 alifika Repulse Bay na kikundi cha watu kumi na zaidi kidogo. Walikuwa na chakula cha miezi michache tu. Kingine wangekipata kwa bunduki na nyavu. Wakajenga nyumba ya mawe. Nyumba hiyo ikawa baridi kama kaburi, na miti ya kuni haikuwapo. Jirani zao Wainuit walikuwa wakilala vizuri katika nyumba za theluji, ambazo mtu mwenye mazoea anazijenga kwa muda mfupi jioni, na asubuhi anaziacha. Rae akajifunza kuzijenga mwenyewe. Faida yake ilikuwa kubwa: asiyebeba hema nzito anaburuta mzigo mwepesi, na hema lile kila siku linazidi uzito kwa barafu inayogandia kitambaa. Alijifunza pia kupaka maji chini ya sleji, lile gari la kuburuta lisilo na magurudumu, ili yagande na kuifanya iteleze.

Jambo hili linaonekana rahisi likiandikwa. Lakini kukata matofali ya theluji yanayoshikamana, au kujua ni theluji ipi inafaa na ipi inabomoka, mtu hawezi kukununua dukani. Maofisa wengi wa jeshi la majini la wakati huo waliona kuishi kama wenyeji ni kujishusha hadhi. Meli za Franklin zilikuwa na mashine za mvuke, chakula cha miaka mitatu, vyombo vya fedha, na kila moja vitabu zaidi ya 1,000.

Tarehe 21 mwezi wa nne 1854, akiwa kwenye kazi yake ya ramani, Rae alikutana na Muinuit aliyevaa kichwani utepe wa dhahabu wa kofia ya ofisa. Kupitia kwake na wengine, alipata habari za wazungu karibu arobaini walioonekana miaka ya nyuma wakiburuta mashua kuelekea kusini, wamekonda. Baadaye maiti zao zilikutwa, na masufuria yalionyesha kwamba wa mwisho walikula nyama ya wenzao. Rae alinunua vijiko, uma na medali ya Franklin mwenyewe, akarudi Uingereza.

Ripoti yake ilitoka kwenye magazeti mwezi wa kumi mwaka huo. Lady Jane, mjane wa Franklin, alikasirika sana. Mwandishi Charles Dickens aliandika kwamba Wainuit si watu wa kuaminiwa, na pengine ndio waliowaua mabaharia. Rae alijibu hadharani na kuwatetea watu waliomfundisha kuishi. Zawadi ya pauni 10,000 aliipata pamoja na watu wake, lakini cheo cha Sir, ambacho wapelelezi wengine wa barafu walipewa, hakukipata mpaka kufa.

Mwaka wa 1859 kikosi kingine kilikuta mashua ya watu wa Franklin juu ya sleji, na mifupa ya watu wawili ndani. Mzigo wa mashua na sleji ulikadiriwa kuwa zaidi ya kilo 600. Ndani mlikuwa na vijiko vya fedha, sabuni, vitabu, leso za hariri, ndara na chokoleti. Watu wenye njaa walikuwa wameburuta hayo yote.

Rae alifariki London tarehe 22 mwezi wa saba 1893, akazikwa Kirkwall, huko kwao Orkney. Mlango wa bahari alioutambua, unaoitwa leo Rae Strait, ulipitiwa na Roald Amundsen katika safari yake ya 1903 hadi 1906, ya kwanza kuvuka njia ile yote kwa meli. Miaka ya 1990 wataalamu walipochunguza mifupa ya mabaharia walikuta alama za visu. Meli Erebus ilipatikana chini ya maji mwaka wa 2014, upande uleule ambao Wainuit walikuwa wakiutaja tangu zamani.