Giacomo Ciamician na Chupa Zake za Juani

Afisa yeyote aliyewahi kupanga msafara wa magari kutoka Bujumbura kwenda mikoani ajua kwamba swali la kwanza si idadi ya watu, bali ni mafuta. Mafuta hayo hayachimbwi Burundi. Hutoka ng'ambo, hushushwa katika bandari kama Dar es Salaam, kisha husafiri zaidi ya kilomita 1,000 kabla ya kutufikia. Yafaa basi tumjue mtu ambaye zaidi ya miaka 100 iliyopita alitaka mafuta yatengenezwe kwa mwanga wa jua.

Giacomo Ciamician alizaliwa tarehe 27 Agosti 1857 huko Trieste, mji wa bandari uliokuwa bado chini ya Austria. Ukoo wake ulikuwa na asili ya Armenia. Alisoma Vienna, akapata udaktari wa kemia Giessen, Ujerumani, mwaka 1880, kisha akaenda Roma kuwa msaidizi wa Stanislao Cannizzaro, mkemia mashuhuri ambaye katika ujana wake alikuwa afisa wa mizinga katika uasi wa Sicily wa mwaka 1848. Mwaka 1889 Ciamician alikabidhiwa uprofesa katika Chuo Kikuu cha Bologna, na huko alidumu hadi kufa.

Kazi iliyomletea sifa aliifanya pamoja na Paul Silber, mzaliwa wa Ujerumani. Juu ya jengo la maabara yao walipanga chupa za kioo zenye dawa mbalimbali, wakaziacha zipigwe na jua. Hawakuwasha moto. Walingoja. Karivoni, dutu lipatikanalo katika mbegu za kisibiti, waliliacha juani kwa muda wa mwaka mzima, ndipo wakaona kwamba mwanga umelibadili kuwa dutu jingine. Habari hiyo waliitangaza mwaka 1908. Askari wa lindo, aliyezoea kukesha bila tukio lolote, ataielewa subira hiyo upesi kuliko raia.

Mwezi wa Septemba 1912, akiwa tayari seneta wa Italia, Ciamician alihutubia mkutano wa wakemia mjini New York. Aliwakumbusha kwamba makaa ya mawe ni jua la kale lililowekwa akiba ardhini, na kwamba akiba itumiwayo bila kurudishwa huisha. Akapiga hesabu: eneo la kilomita za mraba 10,000 katika nchi za joto, likipata jua saa sita tu kwa siku, kwa mwaka hupokea joto linalozidi mara tatu lile la makaa yote yaliyochimbwa Ulaya na Marekani mwaka 1909. Msomaji akumbuke kwamba Burundi ina kilomita za mraba 27,834. Alitaka wataalamu waijue siri ya majani ya mimea, ili katika nchi kame pajengwe viwanda vya kioo visivyotoa moshi.

Miaka miwili baadaye dunia iliingia vitani. Vita hivyo vilifika hata kwetu: katika Ziwa Tanganyika meli za Wajerumani zilizoendeshwa kwa mvuke zilipambana na boti za Waingereza zilizotumia petroli, na mwezi wa Juni 1916 majeshi ya Wabelgiji yaliingia Usumbura. Kila upande ulipigana kwa kadiri ya kuni au petroli uliyoweza kuifikisha. Ciamician alifariki tarehe 2 Januari 1922. Alipendekezwa mara kadhaa kwa Tuzo ya Nobel asiipate.

Kitu alichokikosa ni kichocheo, yaani dutu la kupokea mwanga na kuusukuma ufanye kazi, lenyewe lisitumike likaisha. Mwaka 1972 Wajapani Akira Fujishima na Kenichi Honda walitangaza kwamba titani dioksidi, ile ile itiayo weupe katika rangi za nyumba, ikimulikwa ndani ya maji huyatenganisha kuwa oksijeni na hidrojeni. Na hidrojeni ni fueli ambayo ikiungua huacha maji. Mwanga huing'oa elektroni mahali pake na kuacha tundu. Tundu hutoa oksijeni, elektroni hutoa hidrojeni. Taabu ni kwamba mara nyingi elektroni hurudi tunduni kabla ya kazi, kama kuruta anayerudi kambini kabla ya zamu yake, na nguvu yote hupotea kuwa joto. Tena titani dioksidi hukubali mionzi ya urujuanimno peke yake, ambayo ni sehemu ndogo sana ya jua.

Mwaka 2020 watafiti wa Japani walitangaza kichocheo cha strontiamu, titani na oksijeni, kilichotiwa alumini kidogo, ambacho karibu hakipotezi elektroni hata moja chini ya mionzi hiyo. Mwaka uliofuata walieleza jinsi walivyotandaza mabamba ya kichocheo cha aina hiyo nje, juani, eneo la mita za mraba 100, wakakusanya hidrojeni kwa miezi kadhaa. Katika kila sehemu 100 za nguvu ya jua, iliyogeuka hidrojeni haikufika hata sehemu moja: ilikuwa 0.76. Kazi iliyobaki ni kukipata kichocheo kitakachokubali pia mwanga unaoonekana kwa macho, ule ambao Ciamician aliusubiri juu ya paa la Bologna.