Joginder Singh: fundi wa garaje aliyeshinda Safari Rally mara tatu

Vijana wengi wa Goma wanaojifunza mekaniki wanapenda kuangalia kwenye simu magari ya mashindano yanavyoruka mashimo na kupita ndani ya maji. Wengi wanajua majina ya madereva wa leo. Lakini kuna mzee mmoja ambaye fundi yeyote wa upande wetu angepaswa kumjua: Joginder Singh wa Kenya. Alikuwa dereva, ndiyo, lakini kwanza alikuwa fundi, na ufundi wake njo ulimfikisha mbali.

Joginder alizaliwa tarehe 9 Februari 1932 kule Kericho, eneo la mashamba ya chai magharibi mwa Kenya. Baba yake alitoka Punjab, India, na familia ilikuwa na garaje Nairobi. Kijana aliingia kazini humo kwa kuanzia chini, akipitisha vifaa na kujifunza moteri kwa mikono yake. Baadaye alifanya kazi ya fundi wa doria kwenye chama cha wenye magari cha Afrika ya Mashariki: gari ikikwama barabarani, yeye anaenda kuitengeneza palepale. Kwa kazi hiyo mtu anajifunza haraka ni kitu gani kinaharibika, na kwa sababu gani.

Safari Rally ilianza mwaka 1953. Siku zile ilikuwa inapita Kenya, Uganda na Tanganyika, karibu kilometa 5,000 za vumbi, mawe na matope, tena wakati wa Pasaka, mvua ikiwa kali. Kufika tu mwisho ilikuwa ushindi. Mwaka 1963 ni magari 7 tu yaliyofika. Mwaka 1968 ikawa vilevile: yalianza zaidi ya 90, yakamaliza 7.

Joginder aliingia mara ya kwanza mwaka 1959. Mwaka 1965, pamoja na mdogo wake Jaswant, alishindana na Volvo PV544 ambayo haikuwa mpya. Ilikuwa imeshakimbia mashindano mbele, wao wakainunua na kuitengeneza wenyewe. Wakashinda, tena kwa kuacha wengine mbali sana. Miaka yote ya nyuma madereva walioshinda walikuwa wazungu; Joginder akawa dereva Mwasia wa kwanza kushinda. Kenya ilikuwa na uhuru wa mwaka mmoja na miezi michache tu, na watu wa kila rangi walimshangilia. Wakamwita Singasinga anayeruka, wengine Simba wa Kenya.

Alirudi kushinda mwaka 1974 na 1976, mara hizo akiendesha Mitsubishi Lancer, na David Doig akisoma njia pembeni yake. Mwaka 1974 mvua ilipiga kweli, na gari yake ndogo ilimaliza mbele ya Porsche ya Björn Waldegård. Mwaka 1976 Lancer zilichukua nafasi ya kwanza, ya pili na ya tatu.

Lakini hesabu inayopaswa kutufundisha ni ingine: aliingia Safari mara 22, na alimaliza mara 19. Katika mashindano yanayovunja magari namna ile, hiyo si bahati. Ni mtu aliyejua kwamba gari haifi kwa kitu kikubwa tu. Inakufa pia kwa buloni moja iliyolegea.

Tuchukue mfano wa eshapema, sababu hapa kwetu wengi wanaidharau. Bomba linalotoka kwenye moteri linapata moto mkali sana. Chuma kinatanuka, kikipoa kinarudi. Ongeza mtikisiko wa barabara, na mawe ya volkano yanayopiga chini ya gari. Pole pole buloni zinalegea, kile kipande chembamba cha kuziba kati ya moteri na bomba kinaungua, ao bomba linapasuka pale lilipochomewa. Moshi unaanza kutokea pembeni. Moteri iliyotengenezwa kwa mbio inapoteza nguvu, na joto linaweza kuunguza nyaya zilizo karibu.

Dalili zinajulikana. Asubuhi moteri ikiwa baridi unasikia tak-tak-tak, halafu sauti inapungua moteri ikipata moto, kwani chuma kimetanuka na kuziba ufa. Ukiangalia kwenye kiungo unaona alama nyeusi ya masizi.

Kuzuia ni kazi ya uvumilivu. Safisha sehemu zote mbili zinazokutana, na uhakikishe hazijapinda. Usirudishe kizibo cha zamani, weka kipya. Kaza buloni kuanzia katikati kwenda inje, kidogo kidogo kwa mizunguko, si moja kwa nguvu zote. Washa moteri ipate moto, iache ipoe kabisa, kisha kaza tena. Bomba lenyewe lishikiliwe vizuri chini kwa mipira yake, uzito wote usining'inie kwenye moteri. Na usimwagie maji bomba lenye moto.

Tunalisema kwa sababu si mambo ya mashindano tu. Moshi wa moteri una gesi ya monoksidi ya kaboni, isiyo na rangi wala harufu. Ikiingia ndani ya taksi ao basi lenye vioo vimefungwa, abiria wanapata maumivu ya kichwa, usingizi, na wanaweza kufa bila kujua kinachowaua. Shofere akisinzia kwenye njia ya Sake ao ya Rutshuru, wote waliomo wako hatarini.

Joginder aliacha Safari mwaka 1980. Alifariki London mwezi wa Oktoba 2013, akiwa na miaka 81. Magari yake leo ni ya zamani, hata shofere wa taksi wa hapa angeyaona madogo. Kazi yake haijazeeka: kuangalia mapema, kukaza tena, kutodharau sauti ndogo.

Basi shofere, ukisikia tak-tak asubuhi, usiongeze sauti ya redio. Zima moteri, fungua boneti, uangalie.