Grace Hopper na Kunguni wa Kitandani

Wahenga walinena kuwa kitanda usichokilalia huwajui kunguni wake. Methali hiyo ilinijia usiku mmoja nikiijenga Python kwenye kompyuta ya Unix. Python ni lugha ya kuandikia programu, na mkalimani wake huyasoma maagizo na kuyatekeleza papo hapo. Ujenzi ulimalizika salama, lakini nilipoendesha majaribio, moja kati ya mamia likaanguka. Nilishawishika kulifumbia macho. Ndipo nilipomkumbuka Grace Hopper.

Mama huyu alizaliwa New York, Marekani, mwaka wa 1906, akapata shahada ya uzamifu ya hisabati katika Chuo Kikuu cha Yale mwaka wa 1934. Vita Kuu ya Pili ilipopamba moto, aliomba kujiunga na Jeshi la Wanamaji. Akaambiwa umri umempita na uzani wake hautoshi. Hakukata tamaa. Mwaka wa 1943 alikubaliwa, na uliofuata akapelekwa Harvard kuiandikia programu kompyuta ya Mark I.

Enzi hizo kompyuta iliagizwa kwa tarakimu na alama. Mnamo 1952 Hopper aliunda A-0, programu iliyokusanya vipande vya maagizo vilivyokwisha kuandikwa na kuviunga kuwa kitu kimoja. Wengi walibeza, wakishikilia kuwa kazi ya kompyuta ni hesabu tu. Baadaye akaongoza uundaji wa FLOW-MATIC, lugha iliyotumia maneno ya Kiingereza, na juu ya msingi wake ikajengwa COBOL. Desemba 1960, programu moja ya COBOL, kwa marekebisho machache, iliendeshwa katika kompyuta za kampuni mbili, RCA na Remington Rand. Majibu yakawa sawa.

Hata hivyo, kila kampuni ilitia vionjo vyake, na lugha moja ikazaa lahaja nyingi. Jeshi, lililokuwa limemstaafisha Hopper mwaka wa 1966, likamwita tena mwaka wa 1967 aisanifishe COBOL. Kikosi chake kikaandaa programu za majaribio za kupima kila tafsiri ya lugha hiyo. Neno la muuzaji pekee halikutosha. Alistaafu mwaka wa 1986 akiwa na cheo cha admeri na umri wa miaka 79, akafariki Januari 1, 1992.

Kwa maoni yangu, huo ndio urithi wake mkuu. Mkalimani mwongo humponza hata msemaji wa kweli: programu ya mishahara iliyoandikwa barabara itatoa malipo ya uongo, na karani asiye na hatia atalaumiwa.

Nami niliisoma ripoti ya jaribio lile. Kasoro haikuwa katika Python bali katika mpangilio wa saa wa mashine yangu. Ningalipuuza, kila tarehe niliyoikokotoa ingalikuwa ya kutiliwa shaka. Nikaurekebisha, nikajaribu upya. Yote yakapita, na usingizi ukanijia bila kunguni.