Raman na Siri ya Nuru

Tarehe 7 Novemba mwaka 1888, katika mji wa Tiruchirappalli, kusini mwa Bara Hindi, alizaliwa mtoto mwanamume, akaitwa Chandrasekhara Venkata Raman. Jamaa zake hawakuwa matajiri. Baba yake alikuwa mwalimu wa hesabu na fizikia, yaani elimu ya nguvu, joto, sauti na nuru, na nyumbani mwake mlikuwamo vitabu vingi kuliko mali. Mtoto alivipenda vitabu hivyo tangu udogo wake.

Alipokuwa bado kijana mdogo alipelekwa chuoni Madras. Mwaka 1904, naye hajatimiza miaka kumi na sita, alipata shahada yake ya kwanza, akawapita wenzake wote. Mwaka 1906, angali mwanafunzi, aliandika habari za uchunguzi wake juu ya nuru, zikapigwa chapa katika gazeti la wataalamu huko London.

Basi sasa afanyeje? Siku zile Bara Hindi lilitawaliwa na Waingereza, na kijana wa Kihindi hakuweza kupata riziki yake kwa kuchunguza fizikia. Aliyetaka kuendelea na elimu hiyo ilimpasa kuvuka bahari kwenda Uingereza. Lakini Raman alikuwa dhaifu wa mwili, na daktari alimkataza asiende, maana hali ya hewa ya kule ingemdhuru. Njia ikazibwa. Ndipo alipofanya mtihani wa idara ya fedha ya serikali, akawa wa kwanza, na mwaka 1907 akapelekwa Calcutta pamoja na mkewe, Lokasundari, kusimamia hesabu. Ilikuwa kazi ya heshima na mshahara mwema. Wengi walidhani kwamba habari za fizikia zimekwisha.

Siku moja, akiwa ndani ya gari la tramu, aliona kibao juu ya nyumba kubwa kilichoitaja kuwa ni nyumba ya chama cha kuendeleza elimu ya sayansi. Chama hicho kilianzishwa mwaka 1876 na daktari mmoja Mhindi, Mahendralal Sircar, ambaye aliwaomba watu fedha kwa miaka mingi, ili Wahindi wapate mahali pao pa kuchunguza. Yeye alikwisha kufa mwaka 1904, na vyombo vya majaribio vilikuwa vimekaa bure, bila mtu wa kuvitumia. Raman aliomba ruhusa ya kufanya kazi humo, akapewa.

Tangu siku ile maisha yake yakawa ya namna mbili. Alfajiri alikuwa katika chumba cha majaribio. Mchana alikuwa ofisini akihesabu fedha za serikali. Jioni alirudi kwenye majaribio, asitoke mpaka usiku. Wala hakuipuuza kazi aliyolipwa mshahara. Alichunguza sauti za ngoma na zeze, na mambo ya nuru, akiandika yote aliyoyaona.

Miaka kumi ikapita. Mwaka 1917 Chuo Kikuu cha Calcutta kilimwita awe profesa wa fizikia. Mshahara wake ungepungua karibu nusu, lakini aliiacha kazi ya serikali. Moyo wake ulikuwa umekwisha kuchagua zamani.

Mwaka 1921 alisafiri Uingereza kwa mara ya kwanza. Katika safari aliona jinsi maji ya bahari ya Mediterania yalivyo ya buluu. Wataalamu wengi walisema kwamba rangi hiyo ni ya mbingu tu, inayoonekana katika maji kama katika kioo. Raman hakuridhika. Alitazama kwa chombo kidogo kinachozuia nuru ya juu ya maji, na buluu ikabaki. Akatambua kwamba maji yenyewe huitawanya nuru.

Aliporudi alichunguza jambo hilo miaka saba, yeye na wanafunzi wake, kwa vyombo vichache visivyo vya thamani kubwa. Tarehe 28 Februari mwaka 1928, pamoja na msaidizi wake K. S. Krishnan, alihakikisha jambo jipya. Nuru ya rangi moja ikipita ndani ya kitu kiangavu, sehemu yake ndogo sana hubadilika rangi, maana chembe za kitu hicho huipunguzia au huiongezea nguvu. Na kila kitu huibadilisha kwa namna yake, kama kila mtu alivyo na sauti yake. Hata leo wataalamu hutumia njia hiyo kutambua dawa na vito. Mwaka 1930 Raman alipewa tuzo ya Nobel, akawa mtu wa kwanza wa Asia kuipata kwa ajili ya sayansi.

Hata hivyo hakuwa mtu asiye na kosa. Mwaka 1933 alikuwa mkuu wa chuo cha sayansi huko Bangalore, na msichana mmoja, Kamala Sohonie, akaomba kuingia. Raman alimkataa kwa sababu ni mwanamke. Msichana hakukubali, akasimama imara mpaka akapokewa kwa kujaribiwa mwaka mmoja. Akashinda, na baada yake wasichana wengine wakapokewa. Hivyo yeye aliyefunguliwa mlango alifundishwa na msichana asiufunge.

Mwaka 1948 Raman alianzisha chuo chake cha uchunguzi huko Bangalore, akafanya kazi humo mpaka alipofariki tarehe 21 Novemba mwaka 1970. Kila mwaka, tarehe 28 Februari, watu wa Bara Hindi huikumbuka siku ya ugunduzi wake.

Basi, wanafunzi, msimkumbuke Raman peke yake. Mkumbukeni na Sircar, aliyejenga nyumba asiyoishi kuona matunda yake. Mtu akikosa njia, na aangalie vizuri kando ya barabara anayopita kila siku. Na akiisha kupita, asisahau kuuacha mlango wazi.