Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui na Dini ya Kurithi

Ama baada ya kumshukuru Mwenyezi Mungu na kumsalia Mtume wake, tumependa ukurasa huu uwe wa marehemu Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, Mola amrehemu. Khabari zake wengi wetu twazijua kwa kuzisikia barazani kuliko kuzisoma. Na lililotupelekea kuziandika si kuombwa na jamaa zake, bali ni swali lililotoka bara, mahali ambapo huenda jina la Sheikh halitajwi ila mara chache.

Mwenzetu mmoja wa darasa, mzaliwa wa Mji wa Kale, ana duka lake Makutano ya Meru. Jirani yake wa ukuta kwa ukuta ni fundi cherehani, mzee wa kanisa la Methodisti, nao huamkiana vizuri na kuzikana panapo msiba. Jioni moja wakinywa chai, yule mzee akamuuliza bila ya ubaya wowote: lau wewe, Bwana, ungalizaliwa nyumbani kwangu hapa chini ya mlima, si ungalikuwa Methodisti kama mimi? Na lau mimi ningalizaliwa kwenu Mombasa, si leo ningalikuwa katika safu nawe msikitini? Basi ni lipi ulilolichagua wewe, na ni lipi nililolichagua mimi? Mwenzetu alicheka, kisha akarudi kwake asipate usingizi. Alipotujia hapa pwani alilileta swali lile darasani, nasi tukalikuta zito kuliko tulivyodhani.

Uzito wake ni kwamba ndani yake mna kweli. Itazame nchi ile ya Meru na Embu. Mwanzoni mwa karne ya 20 mashirika ya Kiprotestanti yaligawana bara ya Kenya kama watu wagawanavyo viambo, kila moja lisiingie katika mpaka wa mwenziwe. Wamethodisti, ambao walianzia hapa kwetu Ribe mwaka 1862, walifika Meru mwaka 1912 wakajenga Kaaga, si mbali na hilo duka la mwenzetu. Waanglikana, ambao tangu zama za Krapf walikuwa Rabai, walijenga Kigari katika nchi ya Embu mwaka 1910. Baina yao, Chogoria, wakaingia watu wa Kanisa la Scotland mwaka 1922. Wakatoliki wa Consolata kutoka Italia hawakuingia katika mapatano hayo, wakaenda walikotaka. Basi mtoto aliyezaliwa upande huu wa mto akatoka Methodisti, na bin ami yake wa upande wa pili akatoka wa Scotland, wala hapana hata mmoja wao aliyeulizwa. Mstari ulichorwa na wageni mezani, nao ukawa itikadi ya watu.

Ni wepesi kwetu kuwacheka. Lakini tembea Mombasa kutoka ngomeni hata sokoni, utampita Mbaluchi aliye Hanafi, Mbohora aliye Shia, Mwarabu wa Omani aliye Ibadhi, na sisi wengine Mashafi. Muulize kila mmoja dalili ya madhehebu yake, na wengi watakutajia baba. Jambo hili Kur-ani imelilaumu mahali pengi, kwa wale waliojibu Mitume kwamba wao wamewakuta wazee wao juu ya njia na nyayo zao ndizo wanazozifuata. Twaisoma aya hiyo tukidhani wanaosemwa ni makureshi peke yao.

Ndipo tukamkumbuka Sheikh Al-Amin, kwani yeye alizaliwa ndani ya nyumba ambayo swali hili lilikwisha kuilia gharama.

Mazrui walikuja kutoka Omani nao ni Maibadhi, wakaitawala Mombasa hata mwaka 1837, Sayyid Said bin Sultan alipoushika mji. Katika karne hiyo ya 19 wengi wao wakaingia katika madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo ya watu wa pwani waliowatawala. Baba yake Sheikh Al-Amin, Sheikh Ali bin Abdallah, aliyezaliwa mwaka 1825, alisoma Makka, akarejea na ilimu nyingi, akawa kadhi na mwalimu. Yeye hakutosheka kuwa Shafi kimya kimya. Alisomesha na kujadili, na baadhi ya Waarabu wa Kiibadhi wakamfuata. Hayo yalimchukiza Sayyid Barghash, ambaye alikuwa Ibadhi na mwenye dola, naye akamtia gerezani Unguja. Hakutoka ila baada ya Barghash kufa, mwaka 1888.

Hapa tusifahamike vibaya. Ndugu zetu Maibadhi ni Waislamu, wana wanavyuoni wao na dalili zao, wala hatuandiki haya ili kufufua ugomvi uliokwisha kufa na waliougombana. Tunalolitazama ni hili tu: kwamba mtu alishika neno kwa kuwa ameliona kuwa ni haki, akalala nalo kifungoni, na hali kulinyamazia kungalimweka kwake kwa raha. Huyo, yule mzee wa Makutano hawezi kumwambia kuwa hakuchagua.

Al-Amin alizaliwa Mombasa mwaka 1891, na baba yake akafariki mwaka 1894. Kwa hiyo hakumpata baba mwalimu. Alichopata ni jina lake na vitabu vyake, na mji mzima uliomtazamia awe kama yeye. Mlezi wake alikuwa jamaa yake, Sheikh Sulaiman bin Ali Mazrui, mwanachuoni na kadhi, aliyemsomesha kama mwanawe. Kisha akaenda Unguja kusoma kwa vigogo viwili vya wakati ule, Sayyid Ahmad bin Sumait na Sheikh Abdallah Bakathir, ambao wote wawili walifariki mwaka 1925. Mpaka hapo yeye ni mrithi tu, tena mrithi aliyekamilika: kijana wa nyumba ya ilimu, Shafi mwana wa Shafi, mwenye walimu ambao kutaja majina yao kulitosha kunyamazisha mabishano. Angaliweza kuishi kwa hayo hata mwisho wa umri wake, akaheshimiwa na kupewa kitambo cha mbele katika kila khitma.

Jambo lililomgeuza halikuwa safari wala ndoto. Lilikuwa ni kusoma. Kutoka Misri yalifika majarida, na hasa Al-Manar, ambalo Sayyid Rashid Rida alilianza Kairo mwaka 1898 akieneza mafunzo ya Sheikh Muhammad Abduh. Humo alikuta watu wenye ilimu isiyo na shaka wakiuliza mambo ambayo huku kwetu hayaulizwi: hili tufanyalo limetoka wapi? Limo katika Kitabu na Sunna, au limo katika ada zetu tukaliita dini? Na mwenye kusali bila ya kujua asemalo, je, ameamini au ameiga?

Mtu aliyelelewa na wanavyuoni akianza kuuliza hivyo, wa kwanza kumtazama kwa jicho jingine ni wale anaowapenda. Hili ndilo ambalo sisi tuliokuja nyuma twalisahau kwa wepesi. Aliyoyasema yaligusa khitma za gharama, matanga ya siku nyingi yanayoila mali ya yatima, na kuomba haja makaburini. Nayo yote yalikuwa yakifanywa na jamaa, na majirani, na watu watukufu waliomfundisha au kukaa na waliomfundisha. Wapo waliosema anawavunjia heshima masharifu. Wapo waliosema ameghurika na Wamisri. Naye hakutukana mtu, wala hakuyatoka madhehebu yake: Sheikh Abdallah Saleh Farsy alipoandika kitabu chake juu ya wanavyuoni wa Kishafi wa Afrika Mashariki, alimweka Sheikh Al-Amin humo, na ndipo mahali pake. Alibaki katika nyumba ya baba yake, ila alibaki baada ya kuizunguka na kujaribu kila nguzo.

Mwaka 1930 alitoa gazeti dogo liitwalo Sahifa, kwa Kiswahili cha herufi za Kiarabu, na mwaka 1932 akatoa Al-Islah, kwa Kiarabu na Kiswahili. Hayakuishi sana, magazeti ya watu wasio na mali hayaishi. Baadhi ya makala zake zilikusanywa katika kitabu, Uwongozi, kilichotoka mwaka 1944. Mwenye kukisoma ataona kwamba Sheikh alikuwa akipigana na makundi mawili yaliyokuwa yakichukiana. La kwanza ni la wale ambao kila kilichofanywa na wazee ni dini. La pili ni la vijana ambao kila kilichofanywa na Mzungu ni ustaarabu: mavazi yake, ulevi wake, ngoma zake. La kwanza lilimwona mzushi, la pili lilimwona mtu wa kale. Kwa rai yetu yeye aliwaona wote ni wagonjwa wa maradhi mamoja, kwani huyu anamfuata babu na yule anamfuata bwana, na hapana kati yao aliyeuliza kwa nini. Kwa Wazungu alitaka tuchukue ilimu na nidhamu, tuwaachie mengine. Wengi wakafanya kinyume.

Jambo ambalo twalihesabu kubwa kuliko yote katika umri wake ni lugha. Wanavyuoni wengi wa zama zake waliona kuwa ilimu ya dini mahali pake ni Kiarabu, na Kiswahili ni cha nyumbani na sokoni. Yeye alikuwa na Kiarabu cha kutosha hata akaandika kwacho tarikh ya ukoo wake, Mazrui. Lakini kwa watu aliandika Kiswahili: magazeti, na vitabu vidogo vya mafunzo ya dini kama Hidayatul Atfal, cha watoto. Mtoto aliyehifadhi maneno asiyoyafahamu amepewa urithi uliofungwa ndani ya kasha bila ya ufunguo. Akikua ataliheshimu kasha, naye hajui limebeba nini. Siku atakapokutana na mtu wa misheni mwenye kitabu kilichofasiriwa vizuri kwa Kiswahili, atajibu nini? Tayari mwaka 1923 padri Godfrey Dale wa Unguja alikuwa amekwisha kuifasiri Kur-ani nzima kwa Kiswahili, na kuifanyia maelezo yake mwenyewe, na hali Waislamu wangali wakibishana kama inajuzu kuifasiri. Sheikh hakubakia kulaumu. Alianza tafsiri yake.

Vivyo hivyo katika skuli. Wazazi wengi waliogopa skuli za misheni, na khofu yao ilikuwa na sababu. Lakini wengi walidhani kuwa kumzuia mtoto asisome ndiko kumhifadhi. Sheikh alitaka Waislamu wajenge skuli zao, zenye dini na ilimu ya dunia pamoja, tena alitaka watoto wa kike wasiachwe nyuma, jambo ambalo katika miaka ile lilikuwa geni masikioni mwa wengi. Imani inayosalimika kwa sababu tu haijapata kuulizwa, hakuitegemea.

Mwaka 1937 akawa Kadhi Mkuu wa Kenya, na alishika kazi hiyo hata alipofariki mwaka 1947, akiwa na miaka 56. Ya ukadhi hatutarefusha, maana waliohukumiwa naye wameyasimulia kwa watoto wao. Wanafunzi wake ndio waliouendeleza mwendo wake. Sheikh Muhammad Kasim Mazrui naye alikuwa Kadhi Mkuu, na baada yake, mwaka 1968, akashika Sheikh Abdallah Saleh Farsy, ambaye mwaka 1969 tafsiri yake ya Kur-ani nzima ilitimia kutoka.

Sasa tuseme neno ambalo baadhi ya wenzetu wa darasa hawatalipenda. Mara nyingi mtu hutuuliza dalili ya jambo, nasi tukamjibu kwamba Sheikh Al-Amin amelikataza, tukadhani tumejibu. Huko ni kumchukua mtu aliyechosha umri wake akituonya tusifuate kwa kufumba macho, tukamfuata kwa kufumba macho. Wana wa wanamageuzi nao huzaliwa, huchukuliwa darasani na baba zao, wakajua lipi ni bidaa kabla ya kujua kutia udhu vizuri. Yule mzee wa Makutano akiwauliza hao, watamjibu nini kilicho bora kuliko alivyojibu mwenzetu kwa kicheko?

Swali lenyewe tulizungumza usiku wa siku tatu. Mmoja wetu alisema kuwa kuzaliwa ni mlango tu, kila mtu hana budi kuingia nyumba kwa mlango fulani, na kwamba kitakachoulizwa ni alichokifanya akisha kuwa ndani na akili yake imetimia. Mwingine akasema hilo ni jepesi kwa aliyezaliwa karibu na msikiti. Hatukuafikiana.

Tafsiri ya Sheikh Al-Amin hakuwahi kuimaliza. Sheikh Muhammad Kasim ndiye aliyeitengeneza ile sehemu iliyokuwapo, nayo ikapigwa chapa baada ya miaka mingi. Mwenzetu alipokuwa akifunga mzigo wake kurudi Meru aliuomba mjalada wenye Al-Baqara, ule uliokuwa kabatini mwa darasa, apate kuisoma pamoja na jirani yake ile aya ya wanaowafuata wazee wao. Tukampa. Bado hajaurudisha, na mweka vitabu wetu anauliza kila Ijumaa.