Bi. Caroline Norton: mama aliyenyang'anywa wanawe akashika kalamu

Wengi wetu huku pwani, tukisikia habari ya mwanamke wa Kizungu aliyetengana na mumewe, hudhani ya kuwa sheria za kwao tangu zamani zilikuwa upande wake. Dhana hiyo nimekutana nayo barazani mara nyingi, na jawabu langu huwa ni kuwasimulia wenzangu maisha ya Bi. Caroline Norton, mtunzi wa mashairi na hadithi wa Uingereza, aliyefariki mwaka wa 1877. Nampenda mama huyu kwanza kwa kuwa alikuwa mshairi, na sisi watunzi hatuachi kuoneana huruma. Lakini zaidi ni kwa sababu ya lile alilolifanya alipofungiwa milango yote ya mahakama ya nchi yake.

Alizaliwa London tarehe 22 Machi 1808, katika ukoo wa Sheridan. Babu yake, Richard Brinsley Sheridan, alikuwa bingwa wa kutunga michezo ya kuigiza na pia mbunge. Ukoo ulikuwa na jina kubwa na mfuko mtupu. Baba yake alifariki mwaka wa 1817 huko Rasi ya Tumaini Jema, Afrika ya Kusini, alikokwenda kwa kazi ya serikali, akaacha mjane na watoto. Wakapewa makao ya bure katika jumba la kifalme la Hampton Court. Mabinti watatu wa nyumba ile walikuwa wazuri wa kutajika na wepesi wa maneno. Na kwa kuwa hawakuwa na mali, ilibidi waolewe mapema.

Caroline aliolewa mwaka wa 1827, naye ana umri wa miaka 19. Mume alikuwa Bwana George Norton, mwanasheria na mbunge, nduguye Lord Grantley. Ndoa haikuwa na heri tangu mwanzo. Bwana alikuwa mzito wa kazi na mwepesi wa mkono, akimpiga mkewe hata katika siku za ujauzito. Na riziki ya nyumba kwa sehemu kubwa ilitoka kwa huyo huyo mpigwa, kwani mashairi yake yalianza kuuzwa mwaka wa 1829, na baadaye akawa anahariri majarida. Hata kazi ya mume ni mke aliyeitafuta: alimwendea Lord Melbourne, aliyekuwa waziri wa mambo ya ndani, na mwaka wa 1831 George akapewa uhakimu wa polisi mjini London, kwa mshahara wa pauni 1,000 kwa mwaka. Tangu hapo Lord Melbourne akawa mgeni wa mara kwa mara nyumbani kwao. Mwenye nyumba akimjua mgeni, na akimla matunda, wala hakulalamika.

Mwenyezi Mungu aliwajaalia watoto watatu, wote wanaume: Fletcher mwaka wa 1829, Brinsley 1831, na William 1833.

Katika majira ya Pasaka ya 1836 mama alitaka kuwachukua watoto kwenda kwa ndugu yake. Baba akakataa. Mama alipotoka kwenda kwa dada yake kutaka shauri, nyuma yake watoto wakatolewa nyumbani wakapelekwa alikotaka baba. Aliporudi hakuwakuta, na mlango wa nyumba yake mwenyewe akafungiwa. Baadaye alikwenda mpaka shamba la shemeji yake katika mkoa wa Surrey, akawaona kwa muda mfupi tu, akarudi mikono mitupu.

Msomaji atauliza: kwa nini hakushitaki? Jawabu ni kuwa hapakuwa na la kushitaki. Kwa sheria ya Uingereza ya siku zile, mtoto wa ndoa alikuwa wa baba, na mama hakuwa na haki yoyote juu yake, hata ya kumtazama. Mwaka wa 1804 mahakama ya London ilikataa kumrudishia mama mmoja mtoto wake wa miezi minane, aliyeondolewa angali akinyonya. Tena mke aliyeolewa hakuwa mtu mbele ya sheria: yeye na mumewe walihesabiwa mmoja, na huyo mmoja alikuwa mume. Mali yake ilikuwa ya mume. Hata senti ya shairi alilolitunga usiku kwa taa yake ilikuwa ya mume.

George hakutosheka. Alimshitaki Lord Melbourne, ambaye sasa alikuwa Waziri Mkuu, kwa madai ya kuzini na mkewe, akataka fidia ya pauni 10,000. Kesi ilisikizwa tarehe 22 Juni 1836, na mji mzima ukaizungumza. Ushahidi ulitoka kwa watumishi, baadhi yao waliokuwa wamefukuzwa kazi. Wale wazee wa kesi, ambao kwao huitwa juri, hata kwenye viti vyao hawakuinuka kwenda kushauriana. Waliyatupa madai papo hapo.

Lakini angalia vizuri ni nani aliyeshinda. Lord Melbourne alirudi kwenye uwaziri wake. Caroline, ambaye heshima yake ndiyo iliyokuwa ikichambuliwa pale kama dagaa sokoni, hakuwa mmoja wa wenye kesi, hakuruhusiwa kusema neno, wala hakuwa na wakili wa kumsemea. Jina lake lilibaki na doa. Talaka nayo hakuipata, maana talaka kamili ilihitaji sheria maalumu ya Bunge, jambo la gharama kubwa mno. Na kwa kuwa aliwahi kupigwa akatoka, kisha akabembelezwa akarudi, alihesabiwa kuwa ameyasamehe yote. Watoto wakapelekwa Scotland, kwa dada ya George.

Hapa nataka nisimame kidogo. Mwaka uliofuata, 1837, ndio mwaka ambao Sayyid Said aliitwaa Mombasa kutoka kwa Mazrui. Sisi tuliosoma chuoni, kisha tukakaa darsani tukafika mlango wa hadhana katika Minhaji ya Imamu Nawawi, twajua ya kuwa katika madhehebu yetu ya Shafii mama aliyeachwa ndiye wa kwanza kumlea mwanawe mpaka mtoto afike umri wa kupambanua, yaani kiasi cha miaka saba, kisha mtoto huachiwa achague. Haki hiyo humtoka mama akiolewa na mume mwingine asiye jamaa wa mtoto. Na mali ya mke ni yake, aliyoirithi na aliyoichuma. Kwa hivyo mama wa Lamu au wa Mombasa wa zama zile alikuwa na hoja ya kumpelekea kadhi, ambayo mjukuu wa Sheridan katikati ya London hakuwa nayo. Silisemi hili kwa majivuno. Haki iliyo kitabuni ni kitu kimoja na haki ipatikanayo ni kitu kingine, na nimewaona hapa hapa pwani akina mama walionyamazishwa na wajomba na ami zao kabla hawajafika mlango wa korti, wakaambiwa wavute subira huku watoto wanakua mbali nao. Katika korti za serikali hapa Kenya, Katiba ya 2010 na Sheria ya Watoto ya 2022 zinataka maslahi ya mtoto yatangulie.

Tumrudie Bi. Caroline. Alipoona hana mahakama, alishika kalamu. Mwaka wa 1837 alitoa kijitabu kuhusu haki ya maumbile aliyo nayo mama juu ya watoto wake, akakigawa kwa watu wakubwa. Mbunge mmoja mwanasheria, Thomas Noon Talfourd, akapeleka mswada Bungeni. Wapinzani walisema nyumba za watu zitavunjika: mke akijua ya kuwa hatapoteza watoto, atamkimbia mumewe kwa ugomvi mdogo tu. Kwa maneno mengine, walikiri wenyewe kuwa watoto walikuwa kamba ya kumfungia mama. Mwaka wa 1838 mswada ulipita katika Bunge la chini, ukaangushwa katika Baraza la Malodi. Mwaka huo huo jarida moja lilimtukana Caroline vibaya sana, naye hakuweza kulishitaki, kwa sababu mke hakuwa na ruhusa ya kushitaki kwa jina lake. Hebu fikiri! Akaandika barua ndefu ya kumwelimisha Jaji Mkuu wa Uingereza, Lord Chancellor, akaitia jina la kubuni la kiume, Pearce Stevenson, ili isomwe kama kazi ya mwanamume mwenye akili zake.

Ikasomwa. Mwezi wa Agosti 1839 sheria ikapita. Mama aliyetengana na mumewe, ikiwa hakuthibitishwa zinaa, aliweza kumwomba Lord Chancellor apewe watoto walio chini ya miaka saba, na aruhusiwe kuwaona wakubwa. Ilikuwa haki ndogo, tena ya mwenye fedha za kuifuata, lakini ilikuwa mara ya kwanza kwa sheria ya Uingereza kukubali kwamba mtoto ana mama.

Uchungu wa mwana aujua mzazi, na wa mama huyu ulizidi. Sheria ile haikufika Scotland, na watoto wake walikuwa huko. Ukuta alioubomoa walipita wengine, yeye akabaki nje. Mwaka wa 1842 mdogo wao, William, ambaye hata miaka kumi hakuwa ameitimiza, alianguka kutoka kwenye farasi. Jeraha likaharibika. Mama alipoitwa, alikwenda mbio, akamkuta amekwisha kufa. Baada ya msiba huo baba akalegea, akawaachia wale wawili waliobaki wawe wakikaa na mama yao kwa zamu. Mimi kila nikifika hapa katika kisa hiki hujiuliza kwa nini ulegevu huo haukuja miaka sita kabla, na sipati jibu isipokuwa inda.

Ugomvi wa mali uliendelea. Mwaka wa 1848 waliandikiana mkataba wa matumizi, pauni 500 kwa mwaka. Mume alipoona mke amepata urithi wa mama yake, akaacha kulipa. Mwaka wa 1853 mdai mmoja wa mke akampeleka George kortini, na hapo ikaonekana ya kuwa ule mkataba haukuwa na nguvu, kwa kuwa mtu hawezi kuandikiana mkataba na nafsi yake. Caroline akarudi kwenye kalamu. Mwaka wa 1855 alitoa barua ya wazi kwa Malkia Victoria, na sheria ya talaka ya 1857 ilipopita ilikuwa na vifungu vilivyomlinda mke aliyetelekezwa, chumo lake lisichukuliwe na mume.

Wapo watetezi wa wanawake wa leo wasiomfurahia sana, kwani alisema waziwazi kuwa hadai usawa wa mwanamke na mwanamume, alidai ulinzi. Alikuwa pia mpenda kusifiwa, na kalamu yake ikianza kulalamika haijui kukoma. Lakini jambo moja hunichekesha: mchoraji Daniel Maclise alipotakiwa achore picha ya Haki ukutani katika ukumbi wa Malodi, wale wale waliouangusha mswada, sura aliyoitumia ilikuwa ya Caroline Norton.

Mwaka wa 1873 umri ambao mama angeweza kudai watoto uliongezwa mpaka miaka 16. Fletcher alikuwa amekwisha kufa kwa kifua kikuu mjini Paris mwaka wa 1859. George alifariki mwaka wa 1875, na hapo tu ndipo ndoa ile ilipokatika. Mwezi wa Machi 1877, mama wa miaka 68, Caroline aliolewa na rafiki yake wa siku nyingi, Sir William Stirling-Maxwell. Ndoa hiyo ya pili ilidumu miezi mitatu. Tarehe 15 Juni akafariki. Brinsley, wa mwisho katika wale watatu, alimfuata mama yake mwezi wa Julai.