Mwili mzee, akili mpya: Maisha ya Jacquard, fundi wa Lyon

Ukifika nyumbani leo, shika pazia la sebuleni au kile kitambaa cha makochi ambacho mama hataki ukikalie na nguo chafu. Kigeuze uangalie nyuma. Kama maua yanaonekana hata huko, ila rangi zimebadilishana nafasi, basi hayo maua hayakupigwa chapa. Yamefumwa humo humo, uzi kwa uzi. Kitambaa cha aina hiyo hubeba jina la mtu: Jacquard.

Jina hilo nililipata mahali sikutarajia. Kuna karakana moja ninayopitia mtaani ambapo mafundi walikuwa wamefungua mashine kuukuu ya kuchonga vyuma, zile za CNC. Mwili wake ulikuwa fiti kabisa: chuma kizito, reli zimenyooka, meza inateleza poa. Kilichokufa ni ubongo. Saketi za zamani zilikuwa zimeungua na spea hazipatikani tena. Mwingine angeiuza skrapu kwa kilo. Hawa walikuwa wanang'oa saketi zote, wanaweka mota mpya, vifaa vya kupima mwendo, na kompyuta ya kawaida yenye programu ya bure. Mmoja wao akaniambia mchezo huu ni wa zamani kuliko umeme, niende nimsome mfumaji mmoja wa hariri Mfaransa. Nikarudi keja, nikasoma hadi usiku wa manane. Acha nikupe stori.

Joseph Marie Jacquard alizaliwa Julai 7, 1752 huko Lyon, jiji lililokuwa likila na kulala kwa sababu ya hariri. Babake alikuwa mfumaji mwenye mitambo yake. Mamake alikuwa akisoma michoro ya maua na kuipanga kwenye kamba za mtambo. Shule hakuiona. Kusoma alifunzwa na shemeji yake, mwenye biashara ya kuchapa na kuuza vitabu, wakati huo kijana akiwa tayari na miaka 13. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, kwa hivyo hapo nilitabasamu kidogo. Lakini usikimbilie kusema masomo ni bure. Kuna mtu aliketi na huyu kijana akamfunza. Bila huyo shemeji, labda hii stori haipo.

Sasa elewa kazi yenyewe ilivyokuwa. Kitambaa kina nyuzi za aina mbili: mtande, yaani zile zilizovutwa kwa urefu, na mshindio, ule unaopita katikati yake. Kitambaa kisicho na urembo ni rahisi. Inua nusu ya mtande, pitisha mshindio, badilisha, rudia. Lakini ukitaka ua, kila mstari unadai nyuzi tofauti ziinuliwe. Mfumaji mmoja hatoshi. Ilibidi awe na msaidizi, mara nyingi mtoto, wa kuvuta mafungu ya kamba ili nyuzi zinazofaa zipande. Anavuta, anashikilia, anaachilia. Mstari baada ya mstari, kutwa nzima. Akikosea kamba moja, ua limeharibika. Kitambaa chenye maua tata kilisonga sentimita chache tu kwa siku.

Wanaosimulia maisha ya Jacquard husema naye aliwekwa kwenye kamba hizo akiwa mdogo, na mwili ukakataa.

Mamake alifariki Jacquard akiwa na miaka 10, na babake alipofika 20. Akarithi nyumba, mitambo, shamba la mizabibu na machimbo ya mawe. Ungedhani ameomoka. Wapi! Madeni yakaingia, mali ikauzwa, akabaki akisota. Mwaka 1778 alioa mjane, Claudine Boichon, na mwaka uliofuata wakapata mtoto wa kiume.

Kisha Mapinduzi ya Ufaransa yakaja. Mwaka 1793 Lyon iliasi serikali ya Paris na jeshi likauzingira mji. Jacquard alipigana upande wa mji wake, mwanawe kando yake. Mji ulipoanguka wakatoroka, na baadaye wote wawili wakajikuta ndani ya jeshi lile lile la serikali. Huko vitani mwanawe aliuawa. Baba akarudi Lyon bila mtoto, umri unakaribia 50, mfukoni hakuna kitu.

Simama hapo kidogo. Wengi wetu tukifika 25 bila mpango tunadhani basi, gari limetuacha. Huyu mzee, kazi iliyofanya ajulikane dunia nzima alikuwa bado hajaianza.

Akaanza kuchezea mitambo. Mwaka 1801 alipeleka mtambo wake kwenye maonyesho ya Paris akapewa medali ya shaba. Baadaye akabuni mashine ya kufuma nyavu za kuvulia samaki, nayo ikamfanya aitwe Paris, kwenye taasisi iliyokuwa ikihifadhi mitambo ya kila aina. Humo ndani akakuta kitu kimekaa bila kazi: mtambo wa kufuma uliotengenezwa miaka ya 1740 na fundi Jacques de Vaucanson. Vaucanson alikuwa ameshafariki tangu 1782, na uvumbuzi wake haukuwa umeshika.

Hapa ndipo watu hukosea wakisema Jacquard alibuni kila kitu. Hapana. Mwaka 1725 Basile Bouchon alikuwa ametumia karatasi yenye matundu kuchagua nyuzi. Muda mfupi baadaye Jean-Baptiste Falcon akabadilisha karatasi kwa kadi ngumu zilizounganishwa kama mnyororo. Vaucanson akaongeza mtambo wa kujiendesha wenyewe, ukikaa juu. Kila mmoja alikuwa na kipande chake. Jacquard alivikutanisha vipande, akaunda kitu ambacho mfumaji wa kawaida angeweza kukitumia. Hiyo ilikuwa 1804.

Kinavyofanya kazi ni hivi. Kila mstari wa kitambaa una kadi yake. Mfumaji akikanyaga pedali, kadi inasukumwa kwenye safu ya sindano. Penye tundu, sindano inapita, ndoano yake inabaki mahali pake na kuinuliwa pamoja na uzi. Pasipo na tundu, sindano inarudishwa nyuma, ndoano inakosa kushikwa, uzi unabaki chini. Tundu ni ndiyo, pasipo tundu ni la. Kadi inayofuata inakuja, mstari unaofuata unafumwa. Ukitaka ua lingine, badilisha kadi. Mtambo ni ule ule.

Na hili ndilo lililonifurahisha zaidi: kifaa cha Jacquard si mtambo mzima. Ni kichwa kinachofungwa juu ya mtambo wa kufuma uliokuwepo tayari. Mfumaji hakulazimika kutupa mbao za babake. Mwili ukabaki, akili ikabadilishwa, sawa kabisa na wale mafundi wa karakanani. Shida ilikuwa dari. Kichwa hicho kilihitaji nafasi juu, ndiyo maana ukienda mtaa wa Croix-Rousse huko Lyon utakuta majengo ya zamani yenye dari za karibu mita 4. Nyumba zilijengwa zikifuata kimo cha mashine.

Aprili 1805 Napoleon alifika Lyon, na haki ya uvumbuzi ule ikapewa mji. Jacquard akapata pensheni ya faranga 3,000 kwa mwaka, pamoja na faranga 50 kwa kila kifaa kitakachouzwa ndani ya miaka 6. Kwa kuwa haki ilikuwa ya mji, mafundi wengine waliweza kukitengeneza na kukirekebisha. Vifaa vya kwanza vilikuwa na kasoro, na fundi Jean-Antoine Breton ni mmoja wa waliozinyoosha. Hapo ndipo kikaenea kweli kweli.

Si wote walishangilia. Waliokuwa wakiishi kwa kamba waliona mkate unaondoka. Kuna simulizi za vifaa kuvunjwa hadharani na Jacquard mwenyewe kukoswakoswa na umati. Hata ukizipunguza chumvi, hasira ilikuwa ya kweli. Nami siwezi kukudanganya kwamba hakuna aliyeumia. Kazi ya kuvuta kamba ilikufa. Ilikuwa kazi mbaya, iliyopinda migongo ya watoto, lakini kuna nyumba zilikula kwa hiyo kazi mbaya.

Ila angalia kilichotokea baadaye. Mwaka 1831 wafumaji wa Lyon waliinuka kwa maelfu wakauteka mji. Hawakuwa wakidai mashine ziondolewe. Walidai bei ya chini ambayo mfanyabiashara asingeruhusiwa kuishusha, maana mtambo ulikuwa wa mfumaji, lakini bei ya kitambaa aliipanga tajiri. Jeshi likatumwa. Aprili 1834 wakainuka tena, damu ikamwagika zaidi.

Jacquard alifariki Agosti mwaka huo huo, tarehe 7, huko Oullins karibu na Lyon, akiwa na miaka 82. Mwaka 1840 mji uliokuwa umemkasirikia ukamjengea sanamu. Mwaka mmoja kabla yake, picha yake ilikuwa imefumwa kwa hariri kwa kutumia kadi takriban 24,000, safi hadi ungedhani ni mchoro wa kalamu. Charles Babbage, Mwingereza aliyekuwa akibuni mashine ya kupiga hesabu, alikuwa na nakala yake, na mashine aliyoipanga ingetumia kadi kama zile. Mwaka 1890 Marekani ilihesabu takwimu za sensa yake kwa kadi zenye matundu za Herman Hollerith.

Halafu 1952. Kwenye chuo cha MIT, Marekani, wahandisi walichukua mashine ya kuchonga vyuma ya kampuni ya Cincinnati iliyokuwepo tayari, wakaifungia mota na masanduku ya umeme yaliyojaza nafasi kubwa kuliko mashine yenyewe. Amri ilitoka wapi? Kwenye utepe wa karatasi wenye matundu. Chuma kikaanza kuchongwa bila mkono wa fundi kuzungusha gurudumu. Huo ndio mwanzo wa CNC. Ile mashine ya kwanza nayo ilikuwa mwili mzee uliopewa akili mpya.

Nilirudi kwenye ile karakana siku chache baadaye. Meza ilikuwa inatembea, kushoto kulia, polepole, na kijana mdogo kuliko mimi alikuwa kwenye kompyuta akirekebisha mwendo. Nikamuuliza kama haogopi mashine itamnyang'anya kazi. Akasema anayeogopa ni yule anayevuta kamba, yeye anajifunza kutoboa kadi. Sijui alitoa wapi hiyo, labda ni yule mzee wake aliyenituma kusoma.

Jibu lake ni zuri, lakini ni nusu. Nusu nyingine iko kwa wafumaji wa 1831. Jifunze kutoboa kadi, sawa. Kusanya vipande walivyoacha wengine, usitupe chuma kizuri kwa sababu ubongo wake umeungua. Lakini mashine ikishaanza kukimbia na kazi ya siku 3 ikaisha kwa saa 3, uliza mapema, kabla hujatia sahihi popote: hizo saa zilizookolewa ni za nani, na bei anapanga nani?